Msomaji na Mashahidi Wake

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mwanafunzi katika maktaba ni kutafuta, na kwamba akishapata amekwisha kazi. Kutafuta ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu ya pili ni kupima: kujua ni neno lipi la kusadikiwa, kwa kadiri gani, na kwa sababu gani. Nusu ya kwanza huhitaji bidii, na ya pili huhitaji uadilifu. Je, kupima maneno ya vitabu ni ufundi tu, ambao mtu aweza kuwa nao au kuukosa bila ya lawama, au ni wajibu? Mimi naona kuwa ni wajibu, na sababu zangu nitazieleza kwa mfano wa mahali pamoja, maana jambo lisilo na mahali ni rahisi kukubaliwa na rahisi kusahauliwa.

Mto Lukuledi hutoka pande za Masasi, ukapita kaskazini ya uwanda wa juu wa Wamakonde, ukaingia baharini Lindi. Mahali paitwapo Lukuledi palikuwa na misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni hiyo ilichomwa moto, na ile ya Nyangao pia. Sasa tumfikirie kijana wa Lukuledi aliye chuoni, Mtwara au Dar es Salaam, ambaye mwalimu wake amemtaka aandike habari za mwaka ule katika nchi ya kwao. Walioshuhudia kwa macho wote wamekwisha kufa. Hana njia ila kuingia maktaba.

Jambo la kwanza atakalojifunza ni kwamba kitu hakikai daima chini ya jina lake. Akitafuta neno Lukuledi katika katalogi, huenda asipate kitu, akaondoka akisema kuwa habari hazipo. Lakini akitafuta Masasi, Lindi, Wamwera, Wamakua, Wayao, Maji Maji, au Afrika Mashariki ya Kijerumani, milango itaanza kufunguka. Akikipata kitabu kimoja, atazame faharasa yake kabla ya kurasa zake, na tanbihi zake kabla ya kukirudisha. Kwa maana tanbihi ni mahali ambapo mwandishi hutaja wale aliowasikiliza, na njia ya kufika kwao imo humo. Atazame pia jirani za kitabu katika rafu. Mwisho amwendee mkutubi, kwani kuuliza si ujinga. Haya yote ni ufundi, na hufundishika kwa siku chache.

Wajibu huanza pale vitabu vinapokuwa juu ya meza. Kijana atamkuta Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, aliyesafiri Masasi na Newala mwaka 1906. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na Alice Werner, ikatoka mwaka 1909. Ni kitabu kinene, chenye picha nyingi na maelezo ya nyumba, ngoma, ufinyanzi na unyago. Lakini mwandishi alikaa miezi michache tu, alisema na watu wengi kwa wakalimani, na aliandamana na askari wa serikali katika nchi iliyokuwa bado ina majeraha ya vita. Mtu aliyeshindwa mwaka jana hamwelezi mgeni mwenye askari yote aliyo nayo moyoni.

Atamkuta pia Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyetunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Hapa pana Kiswahili, na sauti ya mwenyeji. Hata hivyo sikio la Lindi si sikio la Lukuledi. Mtu wa mwambao alikuwa na jamaa zake, biashara yake na hofu yake, na huenda vita vya bara alivitazama kama mtu wa pwani anavyotazama bara.

Tena atakuta masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chini ya uongozi wa John Iliffe na Gilbert Gwassa. Vijana walirudi makwao wakauliza, wakaandika. Hazina hiyo haina kifani. Lakini kati ya 1905 na 1968 ni miaka 63, na taifa lililokuwa changa lilipenda kusikia kwamba babu zake walisimama pamoja. Kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 kimeonyesha kwamba vita havikuwa na sura moja kila mahali. Watu waliingia kwa sababu zao mbalimbali, na wengine hawakuingia kabisa.

Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Mtu aliyekulia karibu na ngoma za Wamakonde ana haki ya kuuelewa msemo huu kuliko wengine. Hausemi kwamba mwamba ngoma ni mwongo, wala kwamba ngoma yake haitalia. Husema kuwa ngozi ina upande ilikovutwa, na msikilizaji mwema huutafuta upande huo. Basi kila shahidi aulizwe: Ulikuwa wapi? Uliambiwa na nani? Uliandika lini, na kwa ajili ya nani? Ungepoteza nini kama ungesema kinyume? Maswali haya si matusi kwa mwandishi. Kadhi huyauliza hata kwa mtu anayemheshimu.

Mfano wa hesabu ya waliokufa waonyesha uzito wa jambo hili. Serikali ya Kijerumani ilitoa hesabu ya watu 75,000. Gwassa alikadiria watu 250,000 hadi 300,000. Wengi wa marehemu hao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kwa sababu mashamba na akiba za chakula vilichomwa ili watu washindwe. Mwanafunzi akinakili hesabu ya kwanza kwa kuwa ndiyo aliyoikuta kwanza, atakuwa ameacha nje ya insha yake watu zaidi ya laki moja na nusu, ambao huenda walikufa kweli, bila ya kuuliza. Akinakili ya pili kwa kuwa inaridhisha hasira yake, naye hakuuliza. Aliye mwadilifu huzitaja zote mbili, akasema zilitoka kwa nani na kwa njia gani, kisha akaonyesha yeye anaegemea wapi na kwa nini. Marehemu hawawezi kurekebisha makosa yetu. Ndiyo maana madai yao juu yetu ni makubwa kuliko ya walio hai.

Wako watakaosema kuwa vitabu vya wageni vitupwe vyote. Shauri hili lina uchungu wa kweli ndani yake, lakini si la haki. Katika kitabu cha Weule mna michoro iliyochorwa na Waafrika wenyewe, mmoja wao akiwa Pesa Mbili, mnyampara wa wapagazi wake. Anayekitupa kitabu kwa kumchukia mwenye jina juu ya jalada humtupa na Pesa Mbili, ambaye hakuachiwa rafu nyingine. Shahidi mwenye upendeleo hukataliwa katika upendeleo wake, lakini ushahidi wake wote haufutiki.

Wengine watasema kuwa mwanafunzi ana wiki mbili, na hawezi kumhoji kila shahidi. Ni kweli. Wajibu haumpiti mtu uwezo wake. Lakini hata mwenye wiki mbili aweza kusema amefika wapi: amesoma hiki, hakukipata kile, na jambo hili amelipokea kwa kinywa cha mtu mmoja tu. Maneno hayo hayachukui mistari mitatu, nayo hutofautisha mwanachuoni na mchuuzi wa maneno.

Katika zama zetu hatari mpya imeongezeka. Tafsiri ya Weule ya mwaka 1909 husomwa bure katika intaneti, na kijana wa Masasi aweza kuifungua katika simu yake akiwa amekaa chini ya mkorosho. Masimulizi ya wazee ya 1968 yahitaji safari, ruhusa na subira. Hivyo mgeni wa miezi michache hufika upesi, na mzee wa nyumbani huchelewa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo kwa nia mbaya, lakini matokeo ni kwamba kilicho rahisi kupatikana hujivika joho la kweli. Wepesi wa kupata si ushahidi.

Na baada ya mashahidi wote kusikilizwa, yafaa msomaji atazame viti vilivyo wazi. Yuko wapi mwanamke wa bonde la Lukuledi aliyechimba mizizi ya porini ili wanawe wasife? Vitabu humtaja kwa wingi, pamoja na wenzake, bila jina. Mwanafunzi hawezi kumfufua, wala haruhusiwi kumbunia maneno. Aweza kufanya mambo mawili: kuandika waziwazi kuwa kiti chake ki wazi, na kurudi nyumbani kuuliza wajukuu waliobaki, kabla nao hawajawa habari za katalogi. Daftari atakalolijaza huko litakuwa shahidi siku moja, na mtu mwingine atakaa mbele yake amwulize alikuwa wapi, na aliambiwa na nani. Basi na aandike kwa namna ambayo atapenda kuulizwa.