Volti Hazisamehe

Wanangu mnaofunga sola hapa Kigali, nawaona mkitoka kwenye maduka ya mtaa wa Matheus na paneli mbili za wati 450, na kontrola kwenye mfuko wa karatasi. Muuzaji amewaambia ni ya ampea 40, inatosha. Kuhusu ampea amesema kweli. Kuhusu volti hakuulizwa, naye hakusema.

Igeuzeni paneli. Nyuma ina karatasi iliyobandikwa, na wengi wenu mkishaona wati mnaiacha. Tafuteni palipoandikwa Voc: hizo ni volti za paneli isipounganishwa na kitu chochote. Paneli nyingi za wati 450 zina volti kama 49.5. Ukiziunga mbili kwa mfuatano, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, unapata 99. Kontrola imeandikwa mwisho volti 100. Unajiambia imebaki volti moja, hakuna neno.

Lakini namba ile ilipimwa paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Ikipoa, volti zinapanda, kama asilimia 0.28 kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Nikiwaambia hivyo mnacheka: mzee, hayo ni mambo ya Ulaya, sisi tuko nyuzi 2 tu kusini mwa Ikweta! Ikweta ndiyo, ila mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na alfajiri baada ya mvua joto linaweza kushuka hadi nyuzi 15. Pigeni hesabu: nyuzi 10 chini, asilimia 2.8 juu, na zile 99 zinakuwa karibu 102. Mkienda kufunga Musanze, chini ya volkano, nyuzi zikifika 10 mnazungumzia volti 103. Dar es Salaam, ambako alfajiri ina joto, kosa hilohilo linaweza kujificha miaka.

Wala kontrola haiungui usiku, maana usiku paneli imelala. Inaungua asubuhi ya Aprili, mawingu yanapofunguka ghafla na jua kali kuikuta paneli ingali baridi. Betri ikiwa imejaa ndiyo mbaya zaidi: kontrola haichoti kitu, paneli inabaki na volti zake zote. Vifaa vya ndani vilivyotengenezwa kwa volti 100 vinaweza kupasuka, na mwenye nyumba anapiga simu kusema sola yako ni feki.

Paneli hizo mbili ziungeni sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi. Volti zinabaki 49.5, ampea ndizo zinazojumlishwa, na betri ya volti 24 itachajiwa vizuri. Wati 900 kwa volti 24 ni ampea 37.5, kontrola ya 40 inazibeba. Kwenye betri ya volti 12 hesabu hiyo inafika ampea 75. Hapo kontrola nzuri ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, haiungui. Inatoa zake 40 basi, kama ndoo chini ya bomba, ikijaa maji yanamwagika ila ndoo haipasuki. Umepoteza hela ya mteja, hujaharibu mali yake. Hata hivyo someni karatasi ya mtengenezaji, wengine wameweka kikomo cha wati pia.

Kuna na hizi kontrola za bei ya chini zilizoandikwa MPPT kwa herufi kubwa, kumbe ni PWM. Ipimeni mkononi. MPPT ya kweli ya ampea 40 ni nzito, ndani ina koili ya waya wa shaba na mgongo wa alumini wa kupoza joto. Ikiwa nyepesi kama simu ya vitufe, irudisheni. PWM huivuta paneli chini hadi volti za betri: paneli ya wati 450 ikifungwa kwenye betri ya volti 12 inatoa ampea zake 11 na kidogo kwa volti 13, yaani wati 150 hivi. Theluthi! PWM si mbaya ikipewa paneli yake, ile ndogo inayofanya kazi kwenye volti 18.

Betri ifungwe kwanza, ili kontrola itambue kama ni 12 au 24, kisha paneli. Mkifungua, paneli itoke kwanza.

Na kabla hamjashuka ngazi: mwenye nyumba akipata hela ataongeza paneli ya tatu, na atakayepanda juu ya bati huenda ni mpwa wake. Chukueni kalamu ya wino usiofutika, mwandike ukutani kando ya kontrola: mwisho volti 100, paneli ziungwe sambamba tu. Na namba yenu ya simu chini yake.