Sababu na Lawama

Mwanafunzi aingiaye katika elimu ya jamii, ambayo wengi huiita sosholojia, hupewa mapema fikira moja nzito: kwamba mengi ayadhaniayo kuwa yake mwenyewe yamemjia kutoka nje. Fikira hiyo si changa. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliichunguza katika Mukadima yake ya mwaka 1377, alipoeleza jinsi mshikamano wa ukoo unavyoinua dola na jinsi raha ya mjini inavyoiangusha. Durkheim wa Ufaransa aliitia katika hesabu mwaka 1897. Alichukua tendo la kujiua, ambalo twalidhani kuwa la siri kuliko yote, akaonyesha kuwa kila nchi ina kiwango chake kibadilikacho kidogo tu mwaka hata mwaka, na kuwa Waprotestanti huwazidi Wakatoliki. Mwaka 1959 C. Wright Mills wa Marekani akaieleza kwa mfano mwepesi. Katika mji wa watu 100,000, mtu mmoja akikosa kazi, tutatazama tabia yake na ustadi wake. Lakini katika taifa la wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, hapana budi tutazame mpango wa taifa lenyewe.

Haya nayakubali. Swali langu ni hili: mtu akisha kuzijua sababu za tendo, je, haki ya kulaumu imebaki?

Swali hili sikulipata vitabuni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyesoma fasihi kwangu na sosholojia kwa mwenzangu, aliniletea insha aliyoinakili kwa mtu mwingine neno kwa neno, isipokuwa kichwa chake. Nilipomwita hakukana. Alisema kwa adabu, "Mwalimu, kunakili kulikuwapo kabla yangu na kutakuwapo baada yangu. Litakuwaje kosa langu?" Nakiri kuwa nilifurahi kidogo kabla ya kukasirika, maana mwanafunzi ayatumiaye aliyoyasoma ni adimu.

Jibu la kwanza lilikuwa jepesi. Kuna kisa cha Wayunani kuwa mtumwa wa Zeno, alipopigwa kwa wizi, alijitetea kuwa ameandikiwa kuiba. Bwana wake akamwambia kuwa ameandikiwa na kupigwa pia. Durkheim mwenyewe aliandika mwaka 1895 kuwa uhalifu ni jambo la kawaida katika jamii, na adhabu aliiona kuwa ya kawaida vile vile. Basi jamii iliyomfanya kijana anakili ndiyo iliyonifanya mimi nimpe sifuri. Walakini jibu hilo hushinda mabishano tu. Mwenye nguvu hulipenda kwa sababu halimgharimu kitu.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Hesabu husema ni wangapi katika elfu. Haisemi ni nani. Insha ile ilitakiwa kwa darasa zima, na wengi waliandika zao, vibaya, kwa akili zao wenyewe. Kijana naye alijua alitendalo: asiyeona kosa hana haja ya kubadili kichwa.

Lakini kama ningaliishia hapo, ningalikuwa nimeitupa nusu ya elimu ile. Nikamwuliza habari za kitabu nilichokuwa nimeagiza kisomwe. Maktaba ilikuwa na nakala 2, na darasa lilikuwa la wanafunzi zaidi ya 100. Yeye hufanya kazi mchana kutwa apate karo. Afikapo maktabani usiku, nakala zote zimekwisha chukuliwa. Kitabu kile nilikichagua mimi, na hesabu ya nakala niliijua. Sababu ipitayo mikononi mwa mtu awezaye kuizuia, asiizuie, ni deni lake. Kwa hiyo sababu haikufuta lawama ya kijana, bali ilinionyesha fungu langu. Najua hatari ya usemi huu: lawama ikigawanywa kwa watu wote, hakuna apataye fungu la kumwuma. Ndiyo maana nataka mafungu yatajwe kwa wenyewe.

Sifuri ilibaki. Nilimpa majuma mawili aandike upya, na nakala yangu nikaipeleka maktabani, isomwe pale pale bila kuazimwa. Insha ya pili ilikuja na makosa mengi, yote yakiwa yake.