Damu Ikikoma, Kujitunza Hakukomi



Wapendwa wanandoa, safari hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi mapadre hulikwepa mimbarini. Nalo ni kukoma hedhi. Najua wapo watakaoguna: Padre asiye na mke anajua nini juu ya hedhi za wanawake? Wana haki ya kuuliza. Basi niseme mapema kwamba nimeandika haya nikisaidiwa na sista mmoja muuguzi ambaye amewahudumia akina mama zahanatini kwa miaka mingi. Palipo na neno la kitabibu, ni lake. Mimi nimeongeza Maandiko, pamoja na machozi niliyoyaona ofisini mwangu.

Wa kwanza kuvunja ukimya huu si mimi wala sista, ni Biblia yenyewe. Someni kitabu cha Mwanzo, sura ya 18. Wageni watatu wamefika hemani kwa Abrahamu, chakula kimeandaliwa, na katikati ya habari hiyo mwandishi anatueleza waziwazi kwamba Sara alikuwa amezeeka na desturi ya mwezi ya wanawake ilikuwa imemkoma. Hakuona haya kuandika. Tena anatuambia kwamba Sara, aliyekuwa akisikiliza mlangoni pa hema, alicheka moyoni, akajiuliza kama kweli atapata tena raha na hali bwana wake ni mzee. Neno hilo la raha limo katika Maandiko Matakatifu, wapendwa, na linatoka moyoni mwa bibi mzee. Sisi tumelisoma kanisani mara ngapi bila kulisikia?

Sasa niwaambie lililonifanya niandike. Mwaka jana bwana mmoja alikuja kuniona ofisini. Hakuja kitubioni, ndiyo maana naweza kusimulia. Yeye na mkewe wamenipa ruhusa, nami nimebadili machache ili wasitambulike. Bwana huyo ana miaka 58, ni mwana CMA, Misa ya Jumapili haimpiti. Alikuja kushtaki.

"Padre, mama watoto amenifungia mlango. Huu ni mwezi wa sita. Amehamia chumba cha wajukuu. Nikimwuliza, ananiambia amechoka. Mimi naona ana mtu."

Nikamwuliza, mbali na hilo, amemwuliza jambo gani lingine mama watoto. Akanyamaza.

Wiki iliyofuata mama mwenyewe akaja, kwa shida yake, bila kujua kwamba bwanake alikwisha kufika. Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka 51. Ikapita miaka mitatu bila hata tone. Kisha damu ikarudi, kidogo kidogo, siku mbili inaonekana, wiki mbili inapotea. Aliwaambia rafiki zake wawili wa chama. Mmoja alicheka akamwambia ujana umerudi, amshukuru Mungu. Wa pili alimletea dawa ya miti shamba ndani ya chupa ya soda. Bwanake hakumwambia kwa sababu aliona haya. Aliogopa pia kwamba akiomba nauli ya hospitali ataulizwa ni ya nini. Basi akahamia kwa wajukuu, na huku bwana akaanza kuwahesabu wanaume wa kijiji.

Sista alipoisikia habari hii alisimama. Aliniambia niandike jambo hili kwa herufi kubwa kama mhariri ataruhusu, na kama hataruhusu, basi niliandike mara mbili. Mwanamke akikaa miezi 12 mfululizo bila hedhi, wakati wake wa hedhi umekwisha. Damu yoyote itakayotoka baada ya hapo, hata kama ni tone moja, hata kama haina maumivu, si ujana uliorudi. Aende hospitali. Mara nyingi sababu huwa ndogo, kama vile ngozi ya ukeni kuwa nyembamba na kavu. Lakini damu hiyo yaweza pia kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba au ya mlango wake, na saratani hiyo ikikutwa mapema hutibika. Narudia kama nilivyoagizwa: damu baada ya miezi 12 ya ukimya, nenda hospitali.

Yale mengine si ya kuogopesha, ila ni ya kujua. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Anayekoma kabla ya miaka 40 amwone daktari, kwa maana hapo mwili umetangulia wakati wake, na mifupa na moyo vyaweza kudhurika. Haitokei siku moja. Kwanza hedhi hupoteza hesabu yake: mwezi huu siku 20, mwezi ujao siku 50, mara nyingi, mara kidogo. Huja joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku hadi shuka inaloa, usingizi kukatika, moyo kwenda mbio, hasira au huzuni isiyo na sababu. Kwa wengine mambo haya hupita upesi, kwa wengine hudumu miaka saba na zaidi. Nimekutana na mama aliyefanyiwa maombi ya kufukuza pepo kwa sababu ya jasho la usiku. Maombi ni mema, lakini pepo huyo hakuwapo. Vifuko vya mayai vilikuwa vimepunguza kutoa homoni, basi.

Kukiwa na ukavu ukeni, tendo la ndoa huuma. Mama anayeumizwa hukwepa, na bwana anayekwepwa hujijibu mwenyewe. Hapo ndipo ndoa nyingi za watu wazima zinapopasuka, si kwa ugomvi mkubwa. Wengine huenda kutafuta nje na kurudi nyumbani na maradhi. Na dawa ya ukavu ipo! Kuna jeli ya kulainisha inayopatikana dukani kwa mkemia, na kuna krimu ya homoni ambayo daktari huiandika. Kwa mwenye joto na jasho la kumtesa kuna tiba ya homoni, ambayo si ya kila mtu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa, kwa mfano, kwa kawaida hapewi. Ni mazungumzo ya mama na daktari, wala si ya kununua kwa sababu jirani anatumia.

Hapa lazima nijibu swali ambalo Wakatoliki waaminifu huniuliza kwa kunong'ona: homoni si zile zile za kupanga uzazi, Padre? Si dhambi? Si dhambi. Papa Paulo VI, katika barua ile ile ya mwaka 1968 ambayo wengi huijua kwa makatazo yake, Humanae Vitae, alieleza kwamba Kanisa halizuii kabisa tiba inayohitajika kuponya mwili. Mama aliyekoma hedhi hazuii mimba yoyote. Anajitibu. Tena barua hiyo inafundisha kwamba tendo la ndoa halipotezi uhalali wake pale linapokuwa halitazaa kwa sababu zisizotokana na mapenzi ya wanandoa. Nimewasikia wazee wakisema mama aliyekwisha kuoza binti hapaswi tena kulala na bwanake. Hayo ni ya wazee. Mama Kanisa hakuyasema.

Sasa turudi kwa yule mama wa ofisini, kwa maana alinifikirisha juu ya mwanamke mwingine. Katika Injili ya Marko, sura ya 5, kuna mama aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Marko anasimulia kwamba alikwenda kwa waganga wengi, wakamtesa, akamaliza mali yake yote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kila nikihubiri Injili hiyo nilikuwa nikisifu imani yake tu. Sikuwahi kutazama miguu yake. Huyu mama aliamka, akavaa, akatoka nyumbani mwake katika hali ambayo sheria ya wakati ule iliihesabu kuwa najisi, akapenya kati ya umati unaosukumana. Hatusomi popote kwamba aliomba ruhusa, wala kwamba alimtuma mtu amwendee. Na Yesu alipouliza nani amemgusa, mama akaja akitetemeka akaeleza ukweli wote mbele za watu. Yesu alimwita binti. Hakumkaripia kwa kutoka nyumbani wala kwa kuyasema mambo ya damu hadharani.

Kwa hiyo, mama mpendwa, usingoje mpaka mtu mwingine auhurumie mwili wako. Mtume Paulo anatufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na Katekisimu ya mwaka 1992 inauita uzima na afya kuwa vipaji vya thamani ambavyo Mungu ametukabidhi tuvitunze. Hekalu haliachi kuwa hekalu kwa sababu limeacha kuzaa. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatutaka tumheshimu tabibu, maana Mungu ndiye aliyemweka. Anza na vitu vya kawaida. Nenda kapimwe presha na sukari, maana baada ya hedhi kukoma, hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka kwa mwanamke. Jichunguze matiti, na ukiona uvimbe au badiliko usingoje. Kapimwe mlango wa mji wa mimba hata kama huna dalili. Kipimo cha siki kinachotumika katika zahanati nyingi hakifai sana kwa aliyekwisha kukoma hedhi, kwa sababu sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani. Uliza kipimo cha virusi vya HPV. Ukiambiwa hakipo, uliza kinapatikana wapi.

Mifupa nayo hupungua nguvu baada ya hedhi kukoma, na bibi aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga si hadithi ngeni kwenu. Maziwa, mala, omena wanaoliwa na mifupa yao, terere, uji wa wimbi: hivyo vyote vina madini ya kujenga mifupa, na havihitaji duka la mjini. Jua la asubuhi, kutembea kwa miguu kwenda Jumuiya badala ya kungoja boda boda. Sista anasema mama wa shambani asiambiwe afanye mazoezi, jembe linatosha. Mama wa ofisini ndiye wa kuambiwa.

Neno kwa wanaotumia njia ya Billings, kwa sababu nimeulizwa zaidi ya mara moja. Miaka ile ya mwisho ute hubadilika na siku hupotea, na wanandoa waliozoea kusoma dalili kwa miaka 20 hujikuta kama wageni. Msidhani mmekwisha kumaliza. Kabla miezi 12 haijatimia mimba bado inawezekana. Rudini kwa mwalimu aliyewafundisha. Anazo kanuni za wakati huo, na zinahitaji wote wawili mkae na kuzungumza, jambo ambalo nadhani ndiyo faida yake kubwa.

Nanyi waume. Sitawahubiria sana, maana mtaufunga ukurasa. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba mume ampende mke kama mwili wake mwenyewe, na kwamba hakuna mtu anayeuchukia mwili wake, bali huulisha na kuutunza. Wewe ukiumwa jino unaomba ruhusa kwa nani? Basi mama asiombe nauli ya hospitali kama anayeomba mkopo. Wekeni pesa ya matibabu mahali ambapo wote wawili mnaweza kuifikia. Na badala ya kumwuliza kwa nini umebadilika, mwulize usiku umelalaje. Akina baba wa CMA, mkaribisheni muuguzi katika mkutano wenu mmoja, kama CWA wanavyofanya. Hamtakufa kwa aibu. Mimi nilikaa na sista saa mbili na niko hai.

Yule mama alikubali nimwite bwanake, tukakaa watatu. Aliposimulia habari ya damu, bwana aliinamisha kichwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Kisha akauliza hospitali inafunguliwa saa ngapi. Walikwenda kesho yake. Walikuta saratani ndani ya mji wa mimba, bado changa, na akafanyiwa upasuaji. Bwana alikuwa mwanamume pekee kwenye benchi la kliniki ya akina mama. Ananiambia amesoma mabango yote ya ukutani, sasa anaweza kufundisha.

Anarudi kupimwa kila baada ya miezi michache, na mpaka sasa yu mzima. Amekwisha kutoka chumba cha wajukuu. Jasho la usiku bado linamjia, na likimjia, bwana ndiye anayeamka kufungua dirisha.