Macho ya Kijiweni

 

Simama Kabwe, Mbeya, asubuhi umwangalie mwanamke akirudisha gari nyuma. Maongezi ya kijiweni yanakatika. Mmoja anapiga mluzi, mwingine anapunga mikono: "Kata kulia, mama, kata!" Hakuna aliyeombwa. Gari linazimika, kicheko kinapasuka. Lingemzimikia mwanamume, tungelaumu klachi.

Na kutarajiwa kushindwa kunaweza kumshusha mtu. Mwaka 1999 Claude Steele na wenzake, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha jaribio lao. Wanawake hodari wa hisabati waliambiwa mtihani waliopewa huonyesha tofauti ya wanawake na wanaume, alama zao zikashuka chini ya za wanaume. Walioambiwa hauonyeshi tofauti walikwenda sambamba na wanaume. Kweli, baadhi ya waliorudia utafiti huo walipata athari ndogo zaidi. Mimi nimekaa vijiweni vya kutosha, naamini athari hiyo ipo.

Na si kwamba wanawake hawawezi: mwaka 2020 miji yetu yote miwili ilitangaza wabunge wanawake: Tulia Ackson Mbeya Mjini, Jesca Msambatavangu Iringa Mjini. Tulia akawa Spika 2022, na 2023 Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Lakini binti anayejifunza gari leo hana msafara wa king'ora mbele yake. Ana macho yetu tu.

Kaka wa bajaji unayenisikiliza ukisubiri abiria, binti akirudisha gari leo, endelea na chai yako. Akikwama, atakuita.