Matanga Barabarani

Wiki ya tano baada ya kaka kuzikwa, shangazi alinipigia simu kutoka Tanga akitaka kujua niko wapi. Nikamwambia niko South Dakota, njiani, ndani ya gari la kulala, lile ambalo huku Marekani huitwa kempa: kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, vyote juu ya magurudumu. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, msiba haukimbiwi. Msiba hukaliwa."

Sikumjibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu moyoni.

Shangazi ana lugha nzima nyuma yake. Kwetu anayekwenda ni maiti. Ametutoka, twasema, ametangulia, amefariki, yaani ameachana nasi. Aliyebaki kazi yake ni kukaa. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10. Ndugu na majirani hukaa matanga: majamvi yanatandikwa, masufuria makubwa yanaazimwa, watu wanalala chini sebuleni bega kwa bega, na mfiwa haachwi peke yake. Na bado jina tunaloupa ukaaji huo ni lile lile la jahazi, matanga, vitambaa vya kukamata upepo. Siku ya mwisho tunayaondoa. Nimelitamka neno hilo tangu utotoni, lakini sikulisikia sawasawa mpaka nilipokuwa mbali na jamvi lenyewe.

Je, kuomboleza kunahitaji mahali?

Mama alifariki Machi, kaka Mei ya mwaka huo huo. Kila mmoja alizikwa kabla ya jua kuchwa, na safari ya kunifikisha makaburini ilikuwa ya siku mbili. Mama nilimwona akiingizwa mwanandani kwenye kioo cha simu, picha ikikwama, ikirudi, ikikwama tena. Nikamsalia sala ya ghaibu sebuleni kwangu Minneapolis. Nilipotoa salamu na kugeuka, kila kitu kilikuwa mahali pake. Kikombe changu mezani, viatu vya watoto mlangoni. Mama hakuwahi kuishi katika nyumba ile, kwa hiyo hapakuwa na kitanda kilichobaki kitupu wala kanga iliyosahaulika kwenye kamba. Kifo kilikuwa kimeninyang'anya mama, na nyumbani kwangu hakikugusa hata kijiko.

Tunazoea kusema marehemu ameacha pengo, kana kwamba pengo lina anwani. Kwa waliokaa naye linayo. Kwa mtu wa ughaibuni halina pa kukaa. Liko kazini, liko dukani kwenye foleni, liko kwenye ngazi usiku wa manane, lakini hakuna hata sehemu moja unayoweza kuionyesha kidole ukasema: hapa ndipo alipokuwa akiketi. Nilikodi kempa kwa sababu hiyo. Nilitaka walau kuwe na umbali unaopimika kati yangu na kitu fulani.

Neil Peart, mpiga ngoma wa bendi ya Rush ya Kanada, alikuwa na shida iliyo kinyume na yangu. Mwaka 1997 binti yake alikufa kwa ajali ya gari, na kabla mwaka mmoja haujatimia mke wake akafa kwa saratani. Nyumba yake ilijaa mapengo yenye anwani. Akapanda pikipiki, akaenda kama kilomita 88,000. Yeye aliondoka kwa sababu kila kiti kilisema naye. Mimi kwa sababu hakuna kiti kilichosema. Tukaishia barabarani sote. Ndiyo maana nalitilia shaka lile neno la shangazi, kukimbia. Anayekimbia huwa na kitu nyuma yake. Changu kilikuwa kimeketi nami mbele.

Nimemfikiria pia msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alitoka Tangier mwaka 1325 akiwaacha wazazi wake wote wawili hai. Mwaka 1348, akiwa Damascus, ndipo alipoambiwa kwamba baba yake alikwisha kufa miaka 15 nyuma. Miaka 15! Katika miaka hiyo alikuwa kadhi Delhi na Maldives, alioa, alisali, na muda wote huo baba yake alikuwa hai mahali pamoja tu duniani, kifuani mwa mwanawe. Mwaka uliofuata, akikaribia kwao, akapata habari kwamba mama naye amekwenda kwa tauni.

Kiswahili kinalisema jambo hili vizuri kuliko ninavyoweza kulieleza. Baba alikufa, lakini mwana alikuwa hajafiwa. Kufa ni kwake yeye, kufiwa ni kwetu, na kufiwa huanza pale habari inapokufikia, uwe Damascus, uwe jikoni. Basi msiba una mahali, naam: mfiwa mwenyewe ndiye mahali pake. Popote anaposimama, upo.

Hata hivyo shangazi hajashindwa. Ikiwa mfiwa ndiye mahali pa msiba, nani atapafagia? Kwenye matanga wanafagia wengine; wanakupikia uji, wanakushika mkono. Barabarani unajifagilia mwenyewe. Kila jioni nilikuwa na kazi moja isiyokwepeka. Jokofu la gesi halipoi gari likiwa limeinama, kwa kuwa amonia iliyo ndani yake huzunguka bila pampu, kwa kupanda na kushuka tu. Kwa hiyo unaweka pimamaji juu ya meza, unatazama kipovu, unatoka, unachomeka ubao chini ya gurudumu, unasogeza gari juu yake, unarudi kutazama. Kipovu bado kiko pembeni. Unatoka tena. Jioni ya kwanza nilifanya hivyo mara sita nikilia. Jioni ya pili mzee wa gari la jirani alikuja bila kuniuliza kitu, akaingia, akaiinamia pimamaji, akawa ananipigia kelele dirishani: bado, bado, basi. Hakujua nimefiwa. Tangu nifiwe sikuwa nimesaidiwa hivyo.

Huko South Dakota, ukipita kidogo mji wa Murdo, saa inarudi nyuma. Kanda ya wakati inabadilika hapo hapo barabarani. Kabla ya kibao Tanga ilikuwa mbele yangu kwa saa 8. Baada yake, kwa saa 9. Nilisimamisha gari kando nikaitazama simu ikijibadilisha yenyewe. Nilikuwa nimerudishiwa saa nzima, na sikuwa na wa kuitumia naye.

Siku ya hitima ya arobaini ya kaka nilimpigia shangazi mimi. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, kwangu saa tatu usiku. Gari nilikuwa nimeshalisawazisha. Nikatandika mkeka kati ya kitanda na jiko, nafasi ya mtu mmoja kukunja miguu, nikaiegemeza simu kwenye birika. Zilisikika sauti za wanawake, vikombe, mtoto akinyamazishwa. "Umekaa?" shangazi akauliza.

"Nimekaa, shangazi."

"Haya," akasema, akawageukia wenzake, wakaanza kusoma.