Hodi ya Msituni

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imesimama juu ya imani kwamba mgeni huja na heri. Swali ninalotaka kulitia mizanini ni hili: mgeni akijua kwamba ujio wake waweza kumdhuru mwenyeji, na mwenyeji hana ulimi wa kumwambia rudi, wajibu wa mgeni ni upi?

Mfano ulio wazi ni safari ya kutwa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1968, iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma. Ni ndogo, lakini haina barabara; hufikiwa kwa njia ya maji. Huko ndiko alikofika Jane Goodall mwaka 1960 kuwatazama sokwe mtu, na utafiti aliouanza unaendelea hata baada ya yeye kufariki mwaka 2025.

Mtu wa visiwani akiazimia kwenda huko hana budi kupanga mapema. Avuke bahari hadi Dar es Salaam; ashike reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200, hadi Kigoma; kisha akodi boti ya kumpeleka asubuhi na kumrudisha jioni, kwani boti za wanavijiji hazimrudishi mtu siku ile ile. Achague majira: kiangazi, Julai hadi Oktoba, njia za mlimani hazitelezi, masika sokwe hawaendi mbali, na huonekana kwa wepesi zaidi. Alipe kiingilio, afuatane na mwongozaji, na akiisha kuwaona, ana saa moja tu ya kuwa nao. Siku nyingi za njia, kwa saa moja.

Sasa tuseme msafiri huyu anaamka na mafua asubuhi ya siku yenyewe. Kwa mwanadamu, mafua ni jambo dogo. Kwa sokwe mtu, aliye karibu nasi mno kwa nasaba, yaweza kuwa mauti. Maradhi ya kifua yamewaua sokwe wa Gombe zaidi ya mara moja, na mwaka 1966 waliingiwa na ugonjwa wa kupooza, wakati ambapo ulikuwa umezuka pia miongoni mwa watu wa Kigoma. Sokwe wote wa hifadhi ile leo ni kama mia moja tu. Kanuni yasema mgonjwa asiingie. Walakini mafua machanga hufichika nyuma ya barakoa, na anayeyajua ni mwenyewe peke yake.

Nafsi haikosi hoja. Itasema: nimelipa. Lakini fedha hununua ruhusa ya serikali. Ridhaa ya mwenye nyumba hainunuliki dirishani. Itasema tena: wageni tusipokwenda, walinzi watalipwa na nini? Hoja hii ina uzito, nami siidharau; msitu usio na wa kuutazama huishia kukosa wa kuutetea. Ila inathibitisha kwamba wageni wanahitajika, haithibitishi kwamba mimi, leo, na kikohozi changu, nahitajika.

Tuna ada moja iliyokwisha kulijibu jambo hili. Mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, huondoka, wala haoni kuwa ametukanwa. Kimya nacho ni jibu. Basi mwituni kimya ni cha daima: hakuna atakayesema karibu, wala atakayesema rudi. Kwa hiyo mgeni wa mwituni amebebeshwa amana nzito, kupiga hodi na kujiitikia mwenyewe kwa niaba ya mwenyeji. Hapo ndipo uadilifu wa mtu hupimwa, kwani hakuna shahidi.

Sisi wa pwani yatupasa kulifikiri hili kuliko wengine. Ujiji ni jirani ya Kigoma, na katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika huko kutafuta pembe na watumwa. Misafara ile ilipangwa vizuri sana: wapagazi, vitambaa, shanga, chakula, vyote kwa hesabu. Kilichokosekana katika hesabu ni kuuliza kama waendewao wametaka kuendewa. Lugha yetu ingali inasemwa kule ziwani, na kumbukumbu hiyo imo ndani yake.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, unapopanga safari ya kutwa, usiishie kwenye nauli na viatu. Ongeza siku moja ya akiba mjini Kigoma. Na kabla hujatoka nyumbani, ukiwa mzima na tamaa ingali mbali, amua ni dalili ipi itakayokurudisha. Anayengoja kuamua akiwa juu ya boti, tamaa imekwisha kumwamulia.