Je, Kutojua Ni Udhuru?

Liko swali la zamani lisilokoma kuulizwa: Mtu akimdhuru mwenzake bila kujua, je, ana hatia? Wengi hujibu upesi ya kuwa hana. Lakini yafaa tulipime jibu hilo kwa jambo la chakula, yaani chaza na kome.

Viumbe hawa hujilisha kwa kuchuja maji ya bahari. Kwa hiyo yaliyomo majini huingia miilini mwao. Yakiwamo madini mazito, kama zebaki, risasi na kadimi, hukaa katika nyama yao na kuzidi kidogo kidogo. Tena katika bahari za nchi za joto vimo viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo pengine huongezeka kwa wingi, na baadhi yao wana sumu ya kupoozesha. Kome aliyeshiba sumu hiyo hana harufu mbaya, wala ladha yake haibadiliki, wala moto wa jikoni hauiondoi.

Mwaka 1987, huko Champerico, mji wa pwani katika nchi ya Guatemala, watu walikula mchuzi wa kome kama walivyozoea. Watu 187 waliugua, na 26 wakafa. Katika watoto wadogo walioshikwa na sumu ile, nusu walikufa. Mama aliyempakulia mwanawe alimpa kwa upendo. Ni nani awezaye kumhukumu?

Sasa tutazame Minamata, katika nchi ya Japani. Kiwanda cha Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki baharini, na mwaka 1956 ilitambulikana ya kuwa watu wa huko wameshikwa na ugonjwa mgeni. Ndio waliokula samaki na kome wa ghuba ile. Mwaka 1959 Daktari Hosokawa, wa hospitali ya kiwanda chenyewe, alimlisha paka chakula kilichotiwa maji yale machafu, na paka akashikwa na ugonjwa ule ule. Wakubwa wa kiwanda hawakuitangaza habari hiyo, na uchafu uliendelea kumwagwa mpaka mwaka 1968.

Basi twaona ya kuwa giza ni namna mbili: giza la mtu ambaye taa haijamfikia, na giza la mtu aizimaye taa. La kwanza ni msiba. La pili ni dhambi.

Lakini vipi mwanamke wa pwani aokotaye chaza maji yakupwapo, karibu na mfereji wa mji, apate kuwauza? Yeye hana mizani ya kupimia sumu. Wajibu wa kujua humwelemea kwanza yule mwenye uwezo wa kujua: mwenye kiwanda, mganga, na serikali yenye vyombo vya kupimia. Hao wakinyamaza, deni ni lao. Wakisha kumwonya, naye sasa ana sehemu yake, hawezi tena kusema, "Sikujua." Walakini amkatazaye kuuza hajamaliza kazi yake, asipouliza pia watoto wa mama huyo watakula nini jioni. Maana onyo lisilo na msaada humwachia maskini kuchagua kati ya njaa yake na sumu ya jirani yake.